Mbeleko ya Madumu Mawili

Jumatatu, 4 Mei

Siku ya aibu. Naiandika ili nisiisahau, ingawa wifi yangu amejipanga kuhakikisha sitaisahau.

Leo Kocha amemvua wifi mbeleko.

Nieleze vizuri, maana nataka shajara hii siku moja isomwe na watu makini. Boti za klabu yetu ni nyembamba kama ganda la haragwe. Mtu anakaa ndani peke yake, miguu mbele, kafi mkononi, na akipiga chafya vibaya anapinduka. Kwa hiyo anayeanza hufungiwa matengo: miti miwili inayokatiza boti na kutokeza huku na huku, na kila upande dumu tupu la manjano linaloelea na kuizuia boti isilale ubavu. Lakini klabuni hakuna anayesema matengo. Wanasema mbeleko. Yaani bado uko mgongoni mwa mama. Na kile chuma cha katikati kinachoishika miti kwa nati mbili wanakiita kiuno.

Mimi niko kwenye mbeleko tangu mvua za mwaka jana. Wifi alianza mwezi uliopita. Tena hakuanza, alipita tu! Alikuja bwawani kuniletea taulo nililosahau, Kocha akamuuliza kama anataka kujaribu, akasema haya, akavua viatu.

Leo wamefungua madumu yake, wakamsukuma, akaenda. Alipofika katikati alijipigia vigelegele. Yeye mwenyewe, kwa ajili yake mwenyewe! Boti haikutikisika. Nilitazama kwa makini sana. Mimi nikimeza mate tu, maji yanaingia.

Nina shahada ya fizikia. Wifi ana cherehani.

Halafu Kocha akatangaza. Klabu inatafuta mwalimu msaidizi wa wanaoanza. Mtihani ni Jumamosi asubuhi, mbele ya Mwenyekiti: kuzunguka boya jekundu na kurudi gatini bila mbeleko. Atakayefaulu anapata kazi, na pamoja na kazi anapata chumba kilicho juu ya stoo ya maboti.

Chumba! Nimeshapanda ngazi nikachungulia. Dirisha linaloangalia maji. Kitanda kimoja. Meza. Msumari wa kutundikia koti. Mlango wenye komeo, na komeo liko kwa ndani! Tangu nimalize chuo nalala kwenye kochi, sebuleni kwa kaka yangu. Siwezi kulala mpaka mechi iishe na refa atukanwe akatukanika. Sina wazo hata moja nililowahi kulifikisha mwisho kwenye kochi lile. Kila nikikaribia, anatokea mtu anatafuta rimoti, na rimoti siku zote iko chini yangu.

Wifi naye aliuliza kama anaweza kufanya mtihani. Kocha akasema kwa nini isiwezekane. Mtu mwenye nyumba, mwenye kitanda, mwenye mume ndani ya kitanda! Chumba anakitakia nini? Uroho mtupu.

Nitakipata mimi. Nimeanza kufikiri.

Jumanne, 5 Mei

Nimefikiri. Tatizo si kwamba nina mbeleko. Tatizo ni kwamba inaonekana.

Rangi! Kitu chenye rangi ya maji hakionekani majini. Dukani nikanunua kopo la bluu. Nikawahi bwawani kabla ya watu, nikayapaka madumu yote mawili. Uzuri wake! Nilisimama nikayapenda.

Majini ikajitokeza kasoro. Bwawa letu si la bluu. Bwawa letu lina rangi ya chai ya maziwa. Sijui kwa nini sikuliona hilo, nami nalitazama karibu kila siku. Nadhani nilikuwa nawaza maji kwa ujumla wake.

Madumu yalionekana mpaka barabarani. Fundi baiskeli wa ng'ambo alivuka kuja kuuliza kama klabu ina sherehe. Isitoshe, rangi ilikuwa haijakauka. Nyuma yangu ukajichora mstari wa bluu juu ya maji, na bata wakaufuata, mmoja nyuma ya mwenzake, kwa heshima, kama msafara wa waziri.

Kocha alikuja hadi ukingo wa gati, akayakagua yote mawili. Kisha akasema madumu yamependeza, hongera, ila mtihani ni bila madumu ya rangi yoyote ile.

Nimerudi nyumbani mikono bluu hadi viwiko. Kaka aliuliza ninaumwa nini. Wifi akamjibu siumwi, ila asinishike, sijakauka. Wakacheka mpaka kaka akakosa kuona goli. Lawama za goli nimebeba mimi.

Jumatano, 6 Mei

Kosa la jana nimelipata. Nilitaka kuficha madumu juu ya maji. Mahali pa kuficha kitu ni chini ya maji!

Hesabu yenyewe ni rahisi. Dumu tupu linaelea. Dumu lililojaa mchanga linazama. Kati ya hayo mawili lazima kuna dumu lisiloelea wala kuzama, linalokaa chini kidogo ya uso wa maji, kimya, likifanya kazi yake bila kujisifu. Nikachora mchoro. Mchoro mzuri kweli. Nikauwekea na mishale.

Nikatia mchanga. Madumu yalizama vizuri sana. Yalizama na boti. Siyo yote, kingo zake zilibaki sawasawa na maji, nami katikati kama mtu anayeoga kwenye beseni. Nikapiga kafi. Nikapiga tena. Nguzo ya gati ikaendelea kuwa pale pale.

Wifi alinipita. Akazunguka, akanipita tena. Mara ya pili aliniuliza kwa upole kabisa kama nimeegesha. Alikuwa anakula karanga! Majini! Mkono mmoja kafi, mkono mmoja karanga.

Ndipo Kocha akaanza kupiga kelele kutoka gatini. "Legeza kiuno!" Nikapiga kafi. "Binti! Kiuno! Kimekaza! Legeza kiuno!" Bwawa zima lilisikia. Aliendelea mpaka sauti ikamkauka.

Nikakitazama kiuno. Ni kweli. Nati zote mbili zimeshika kutu, zimekaza kama meno ya mtu mwenye baridi. Miezi yote hii nimeshughulika na madumu, kumbe ugonjwa uko katikati! Kikibana mno, boti haipumui. Kikilegezwa itapata nafasi ya kujifunza yenyewe. Nilirudi nyumbani nikilifikiria hili njia nzima, nikalipita geti letu, nikabisha kwa jirani.

Kesho naazima spana ya kaka.

Alhamisi, 7 Mei

Kaka aliuliza spana ya nini. Nikamwambia ya kulegezea kiuno. Akanitazama mimi, akaitazama spana, akasema nisimweleze zaidi.

Nati ya kwanza ilikataa. Nikaing'ang'ania, ikakubali. Ya pili ikafuata bila ubishi. Nililegeza nusu. Kisha, kwa kuwa jana Kocha alisisitiza sana, nikalegeza na nusu iliyobaki.

Nieleze kilichotokea kwa mpangilio. Nilitoka gatini vizuri. Miti ikaanza kupanda na kushuka, huku na huku, polepole, kama kuku anayejiandaa kuruka ukuta. Watu wakasimama ukingoni. Nilihisi nimekaribia jambo kubwa. Kocha akaanza tena na legeza kiuno yake. Nikamjibu kwa sauti kwamba nimeshalegeza! Akasema bado! Nikainama nikalegeza tena. Akasema bado, bado sana! Basi nikaitoa nati yote.

Dumu la kushoto likaondoka. Halikuaga. La kulia likabaki, na kwa hiyo boti ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka, mimi ndani yake nimeinua nati juu ili Kocha aone. Kisha maji.

Wifi ndiye aliyenifikia kwanza. Aliniambia nishike nyuma ya boti yake na nifunge mdomo nisije nikalimaliza bwawa. Mimi nilikuwa namweleza habari za kiuno. Alipoelewa, alicheka mpaka boti yake ikatikisika. Ni mara ya kwanza kuiona ikitikisika na sikatai, nilifarijika.

Gatini tulimkuta Kocha amekaa chini, kofia usoni, mabega yanacheza. Alipopata sauti akasema, "Kiuno chako, binti. Chako wewe! Ulichozaliwa nacho!" Akasimama, akazungusha nyonga zake hadharani ili nielewe, mtu mwenye wajukuu. Eti ukikaza mwili boti inadhani unataka ugomvi. Ukilegea, nayo inatulia.

Sasa kwa nini asingesema hivyo tangu mwanzo? Mahali penye viuno viwili, mwalimu anapaswa kubainisha anakusudia kipi. Nitalipeleka suala hili kwa Mwenyekiti nikishaajiriwa.

Dumu limeonekana upande wa pili. Bata wamelikalia.

Ijumaa, 8 Mei

Kesho mtihani. Nimeamka na utulivu wa ajabu.

Haya, kiuno cha mwilini. Nikaamua kukifanyia kazi kitaalamu. Nililaza mtungi wa gesi mtupu sebuleni, nikaukalia kama boti, nikashika ufagio kama kafi. Mtu akilegea, mtungi haubingiriki. Ulibingirika. Ukanipeleka mpaka kwenye kabati la vyombo, tukafika pamoja. Katika vikombe vya wifi, vile vya wageni, kimebaki kimoja na kisahani cha marehemu mwenzake.

Wifi alitoka chumbani na futi yake ya kushonea shingoni. Nilitegemea makelele. Hakupiga. Alikaa kwenye mkono wa kochi akanitazama, halafu akasema, "Wifi, wewe unafikiri mno. Kiuno hakilegei kwa kufikiriwa. Imba. Hajazaliwa mtu wa kuimba huku amejikaza." Redio ya jirani ilikuwa inapiga. Akaniinua, akanishika mikono, tukacheza kidogo hapo hapo, juu ya vigae vya vikombe. Nikajikuta natikisika. Nikajikuta nacheka.

Nikashtuka. Tangu lini mshindani akamfundisha mshindani? Mtego! Anataka niimbe mbele ya Mwenyekiti nionekane nimechanganyikiwa. Nikajikaza upya.

Mchana nikamshambulia kwa upande mwingine. Nilimwambia kaka, kwa huruma kubwa, kwamba mkewe kesho anaingia kwenye kina kirefu bila mbeleko. Kaka huogopa hata ndoo iliyojaa. Akasema atatoa amri. Nikampongeza kwa msimamo wake.

Amri aliitoa mezani. Kesho wifi avae mbeleko, hakuna mjadala. Wifi akaweka kijiko chini. Akamuuliza kama anamkumbuka mtu aliyepanda juu ya meza akilia aokolewe siku bomba la bafuni lilipopasuka, maji yakiwa hayajafika kwenye kifundo cha mguu. Kaka akatazama sahani yake. Amri ikarekebishwa: hakuna atakayevaa mbeleko, lakini kaka mwenyewe atakuja na kamba.

Sasa yuko uani anafanya mazoezi ya kurusha. Ameinasa ndoo mara moja na mimi mara mbili.

Imebaki njia ya mwisho, na ni nzuri kuliko zote. Nimeipata nikianua nguo. Mbeleko ni nini? Ni kitambaa! Watu wa klabu wameitumia lugha miaka yote bila kuisikiliza. Nitachukua chupa tupu za maji, nizizungushe kiunoni, nizifunge kwa kitenge, juu yake nivae jaketi. Sheria inakataza mbeleko kwenye boti. Haisemi neno lolote kuhusu mbeleko kwenye mtu.

Jumamosi, 9 Mei

Ninaandika nikiwa nimejifunika taulo mbili. Niandike yote.

Mwenyekiti wa klabu ni mtu mrefu, wa taratibu, mwenye mwavuli hata pasipo mvua. Alikuwepo. Kocha alikuwepo. Kaka na kamba yake. Fundi baiskeli na wateja wake, ambao inaonekana walikuwa wamearifiwa.

Niliitwa wa kwanza. Nikatembea kwenda gatini, na ghafla nikagundua kuwa nina sauti. Chupa zikisuguana zinasema. Kwe, kwe, kwe. Mwenyekiti akauliza nani ameleta bata. Wifi alinitazama tumboni, akatazama tena, akanivuta pembeni, akaninong'oneza: lini, na je, kaka yangu anajua? Nikaendelea na safari ya gatini. Heshima yangu ilikuwa inahitajika kwingine.

Kukaa tu ndani ya boti kulikuwa kazi. Chupa hazikunjiki. Nilikaa wima kama sanamu ya shujaa. Kocha akaniambia kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, nilegeze kiuno. Kiuno kipi? Nilikuwa nimekifunga kwa mafundo matatu!

Nikapiga kafi. Boti ikaenda urefu wake mmoja, ikaegemea kulia, ikafikiri. Sikuogopa. Nilijua chupa zitaidaka. Kasoro ya mpango niliiona nikiwa hewani: chupa zinaanza kazi mtu akishaingia majini.

Na zilianza. Zilifanya kazi kupita nilivyotarajia. Kiuno kilielea vizuri sana. Kichwa hakikuelea. Nimeliona bwawa kama anavyoliona bata anayetafuta chakula.

Kaka akarusha kamba. Akamnasa Mwenyekiti.

Wifi hakungoja kuitwa. Alirukia boti yake, akaja, akanigeuza kwa kafi kama mtu anayegeuza godoro. "Shika hapa, wifi. Kumbatia. Acha miguu ielee." Nikaukumbatia ubavu wa boti. Nilidhani atanirudisha. Lakini yeye akasema tumeshafika huku, boya lile pale, tutarudije bila kulisalimia? Akaanza kuimba!

Basi tukalizunguka boya. Yeye anapiga kafi na kuimba, mimi ubavuni nimeng'ang'ania kama kupe, chupa zinaitikia. Ukingoni wakapiga makofi kwa kufuata mdundo. Na niandike hili kwa ajili ya ukweli tu: mahali fulani nyuma ya boya, kiuno changu kililegea. Maji yalinibeba, nikahisi boti nzima ikipumua mikononi mwangu, na sikuwa nawaza chochote. Sikukipa ruhusa.

Gatini, Mwenyekiti akajifungua kamba, akatangaza kwamba wifi amefaulu mara mbili. Amezunguka boya bila mbeleko, na ameokoa mwanafunzi.

Nikaliona dirisha langu linaloangalia maji likifungwa. Nikasimama, natiririka, nikapinga! Nilisema mtihani ni bila mbeleko. Nikasema mbeleko ni kitu chochote kinachoelea ubavuni mwa boti na kuizuia isilale. Nikasema leo kitu hicho kilikuwepo, wote wamekiona, na kitu hicho ni mimi. "Mimi ni mbeleko!" nikapaza. Nikafungua jaketi nikawaonyesha chupa, kama ushahidi.

Kaka akajifunika uso. Fundi baiskeli akaniomba nirudie, kuna mteja wake alikuwa nyuma hakusikia. Wifi akashusha pumzi na kusema afadhali, yeye alishaanza kuwaza nguo za mtoto.

Mwenyekiti ni mtu wa haki. Alifikiri, akasema hoja yangu ina mantiki. Nikainua kichwa. Akasema basi jaribio la wifi limefutwa, atalirudia. Na langu limefutwa pia, maana nimekiri mbele ya watu kwamba nilivaa mbeleko, kisha nikawa mbeleko. Mimi nisirudie.

Wifi akarudia. Akaenda, akazunguka, akarudi, mkononi bado ana karanga.

Jumapili, 10 Mei

Nimekata kauli kutozungumza na mtu yeyote. Nilianza asubuhi. Ilipofika mchana ndipo kaka akagundua, akasema kumbe, ndiyo maana leo amemsikia mtangazaji vizuri.

Nililala kwenye kochi nikitazama dari na kuwaza komeo. Kwa ndani! Mtu analivuta, dunia inabaki upande wa pili. Sasa litakuwa la wifi. Atajaza cherehani mle, na vitambaa, na vigelegele.

Akaingia. Mkono mmoja shuka langu, limekunjwa. Mkono mwingine begi langu, limefungwa. Nikajua nafukuzwa kwa ajili ya vikombe. Nikakaa sawasawa, nikaanza kujitetea: nikazungumzia umbo la mtungi, nikazungumzia mteremko wa sakafu. Akanitupia kitu mapajani. Ufunguo.

Akasema yeye ana kwake, chumba anakitakia nini? Amemwambia Mwenyekiti kazi ataifanya yeye, chumbani atakaa wifi yake. Mwenyekiti amekubali, mradi anayekaa juu afagie stoo ya chini.

Nikamuuliza, sasa kwa nini alipigania mtihani kama adui yangu? Alinitazama kwa namna anavyotazama zipu iliyoshonwa upande usio wake.

"Wifi! Mimi nimepigania kochi langu! Siku Kocha alipotaja chumba nilijiambia, huyu tukimwachia mwenyewe na chupa zake, tutazeeka naye hapa sebuleni. Nataka nikae kwenye kochi langu, miguu juu, rimoti mkononi, nisimwombe mtu ajiinue. Ni dhambi?"

Nikasema si dhambi.

Alifika mlangoni akageuka. Akasema, bila kunitazama, kwamba chakula cha jioni ni muda ule ule, na sahani yangu haihami. Halafu haraka akaongeza kwamba nije na vikombe, sita, vyenye maua.

Nilimshukuru. Nadhani nilimshukuru, ingawa ilitoka kama kikohozi. Nilipobeba begi niligeuka nyuma. Kochi lilikuwa na shimo la umbo langu.

Baadaye nikatafakari kwa utulivu. Nilitaka chumba. Nimepata chumba. Tena bila kazi ya kufundisha watu! Mtu asiyefikiri ataita bahati. Lakini ukizipanga hatua zote, rangi, mchanga, spana, chupa, utaona kila moja ilinisogeza hapa. Wifi alikuwa sehemu ya mpango bila mwenyewe kujua.

Jumatatu, 11 Mei

Chumbani kwangu! Nimelifunga komeo na kulifungua, na kulifunga tena, kwa raha zangu. Koti liko kwenye msumari. Dirisha liko pale pale nilipoliacha. Chini gatini wifi anafundisha darasa lake la kwanza, na sauti ya Kocha ameshaipata. Kila mara inapanda mpaka huku: legeza kiuno!

Kasoro ni moja tu. Kitanda. Ni cha chuma, chembamba kama boti, na miguu yake haielewani. Baada ya chakula cha mchana nilijilaza kukijaribu, kikanimwaga. Nikajilaza tena, safari hii nimejikaza vizuri, meno na ngumi. Kikanimwaga upande wa pili.

Nikaingia chini yake kukichunguza. Katikati, pale vyuma viwili vinapokutana, kuna nati mbili. Zimekaza! Kutu tupu! Nilicheka peke yangu mle chini. Kuna watu watalala vibaya maisha yao yote kwa kutojua jambo dogo kama hili.

Spana ya kaka bado ilikuwa begini. Nimelegeza nusu. Kisha wifi akapaza sauti tena kule chini, bado, bado sana, nami nikaichukulia kama ishara, nikalegeza na nusu iliyobaki. Sasa napanda taratibu, shajara mkononi, ili niandike papo hapo jinsi kinavyo

Naendelea kutoka sakafuni. Nimeliona kosa, ni dogo. Kitanda hiki kinataka mbeleko. Stoo kuna madumu mawili, na ile rangi ya bluu imebaki.